Sekunde Arobaini na Nane

Kazi yangu ni mwavuli.
Shangazi Velga amenipa kazi moja tu katika dunia yake:
nisimame upande utokako upepo,
niwe ukuta, nisiwe mtu,
na nisithubutu kupiga chafya.

Mbele yetu, bustanini kwa Imants, nje kidogo ya Cēsis,
ua la peoni limeinamisha kichwa,
zito kama mtoto aliyesinzia mezani
kabla uji haujapoa.
Mbegu yake aliifukia Skaidrīte, mke wa Imants,
miaka sita iliyopita.
Peoni ya mbegu haikimbizwi na mtu.
Mwaka jana ilitoa majani tu, na Skaidrīte alikuwepo kuyapangusa.
Mwaka huu limekuja ua.

Kamera ni sanduku la mti wa mcheri,
mvukuto wake wa ngozi umevutwa hadi mwisho wa reli
kwa kuwa ua li karibu, na ukaribu hula mwanga.
Shangazi ameingia chini ya kitambaa cheusi.
Naona miguu mitano: mitatu ya mbao,
miwili yake, mmoja wenye goti bovu.
Kwenye kioo cha ukungu, najua,
ua linaning'inia kutoka mbingu ya udongo
na Imants amesimama kwa kichwa, kama popo.
"Miaka arobaini naitazama hivi," sauti yatoka kitambaani,
"nikitoka humu ndipo naona imepinduka."

Karatasi za filamu zimebaki mbili.
Kiwanda kilifungwa; barua zake hazijibiwi.
Anapiga hesabu kwa penseli nyuma ya kiganja:
sekunde kumi na mbili za mwanga huu hafifu,
ongeza za mvukuto,
ongeza za uchovu, maana filamu nayo huchoka
ikikodolea macho kivuli.
Arobaini na nane.
Anachomoa kibao cheusi, anabonyeza waya.
Moja. Mbili.

Sisimizi alipanda shina,
akazunguka ukingo wa petali, akashuka na shughuli zake.
Filamu haitamjua.
Humjua atuliaye.
Kumi na sita. Kumi na saba.
Mkono wangu ukaanza kufa ganzi, nikauacha ufe.

Ishirini na tisa:
Imants akapiga hatua moja,
akaweka kiganja chake, kucha zimejaa udongo,
chini ya ua,
kama mtu anayemwinua mwenzake kidevu
amwone vizuri.
Nikangoja tusi. Shangazi ni hodari wa matusi.
Thelathini, akasema.
Thelathini na moja.
Thelathini na moja.
Kisha akaendelea hadi mwisho, na hakuna aliyevuta pumzi
isipokuwa yule aliyekuwa analia.

Usiku, bafuni, giza totoro:
filamu hii haivumilii hata taa nyekundu.
Nilisikia tu maji, na trei ikitikiswa
kwa mwendo wa susu.
Taa ilipowaka, hasi ilikuwa inachuruzika kwenye kamba:
ua jeupe limetoka jeusi tii,
na chini yake kitu
kama moshi uliosahau kupanda.

Asubuhi mvua ikapiga, petali zote zikalala chini.
Karatasi ya pili ingali kabatini.

Imants alikuja Alhamisi na mayai kwenye kofia.
Akaipeleka picha dirishani.
"Hapa pana doa," akasema.
"Si doa."
"Sasa ni nini?"
Shangazi alikuwa anasuuza trei, hakugeuka.
"Ni wewe."
Akaitazama mpaka kahawa ikapoa.
Nilidhani ataomba radhi, au picha nyingine.
"Nililishika kwa muda gani?"
"Sekunde kumi na tisa," nikajibu,
maana mimi pia nilihesabu.

"Ishirini," akasema Shangazi.
"Moja niliirudia."