Namba Nyeupe

Semhando alishuka na kopo la rangi,
brashi, na daftari lenye jalada gumu.
Kila cha kale hapa Kivindani, alisema, kipewe namba;
kisicho na namba serikali haikioni.
Nikamtangulia, funguo zikilia kiunoni,
ingawa magofu hayajawa na mlango tangu enzi za babu wa babu.
Funguo ni za stoo ya mafagio.

Moja, msikiti. Kuta tatu na nusu;
nusu ya pili inaliwa na mzizi wa mkuyu,
polepole, kama mtu anayekula mbele ya wakwe.
Mbili, kisima. Maji yake yana chumvi kidogo,
na anayeposa huku huyanywa kwanza, bila kukunja uso.
Hilo hakuliandika.
Tatu, kaburi la nguzo, na vishimo saba vya duara
yalipokaa mabakuli ya Uchina.
"Yako wapi?"
Nikamwambia hilo ni swali zuri.

Shuleni, kwenye tawi la mkorosho,
kinaning'inia kipande cha reli ya kitoroli cha mkonge.
Mwalimu Kidere hukigonga kwa nati saa moja kasorobo.
Zamani kilipitisha marobota,
kikachukua na kidole cha baba yangu,
cha shahada, mkono wa kulia.
Sasa kinaita watoto waje kuhesabu.
Semhando akasita, brashi hewani:
"Hiki bado kinatumika, mama. Si cha kale."
Basi na mimi usinipake, nikasema.

Adhuhuri, kivuli kimejificha chini ya nyayo,
nilimkaribisha kwangu maji ya mtungi.
Na hapo ndipo ulimi wangu ulipoingia baridi.
Mtungi wangu umekalia jiwe la matumbawe
lenye ua lililochongwa, petali nane,
jiwe la kibla, la namba moja.
Bibi Mwanashehe alilibeba kichwani mwaka wa mafuriko,
nyumba zilipojengwa upya kwa chochote kilichopatikana.
Alisema ua lisilomwagiwa maji ni deni.
Tangu hapo linatonewa, usiku na mchana.
Nami ndiye niliyetia saini kule ofisini
kwamba nitalinda kila jiwe.

Alikunywa. Akainama kurudisha kata.
Nikajua ameliona, maana kata ilichelewa kufika.
Akapitisha kidole juu ya petali zenye ukungu,
kidole kile kile ambacho baba hakurudi nacho.
Akauliza maji nachota wapi.
"Namba mbili."
Akainua kata tena, nikamjazia,
akayamaliza
bila kukunja uso.

Daftari lake limeishia kumi na moja.
Kizingitini kwangu limebaki tone la rangi,
si namba, si kitu.
Nalifagia kila asubuhi.
Halitoki.