Milisekunde Kumi

Mfumo wenyewe hauuzwi. Unajengwa na watu
wasiojuana sura, kila mmoja na tofali lake,
na tofali la Vizma ni kadi hii ya pasiwaya,
ndogo kama biskuti iliyomegwa pembeni,
imelala tumboni mwa kompyuta kumi na nne
ambazo benki moja ya Riga ilizitupa
na maktaba ya shule, huku Liepāja, ikaziokota.

Kila kitu kinafanya kazi. Kioo, kibodi,
hata spika inayokoroma. Kadi tu:
mfumo unaiona, unasoma namba yake,
kisha unaandika: haijulikani.
Kama karani na mtu asiye na cheti cha kuzaliwa,
amesimama mbele yake, anapumua.

Kwa hiyo waya. Waya wa buluu, mita thelathini,
ukutani, chini ya mlango, katikati ya chumba,
na Estere wa darasa la tatu ameshajikwaa mara mbili.
Ya pili alipasua kidevu.

Vizma aliwaandikia watengenezaji.
Aliomba kurasa za rejista, hakuomba pesa.
Wakajibu baada ya wiki saba: siri ya biashara.
Na chini yake: tunakutakia siku njema.

Basi akapapasa, kama mtu atafutaye swichi
katika chumba cha kupanga, usiku wa kwanza.
Anaandika moja, anasoma: sifuri.
Anaandika mbili: sifuri.
Anaandika thelathini na mbili: kompyuta inaganda,
na yeye anakwenda kuchemsha chai
huku upepo wa Baltiki ukipiga dirisha kwa ngumi.
Daftari la tatu limejaa.

Ilgvars, mumewe, anasema kadi mpya ni yuro kumi na mbili.
Anajua. Mara kumi na nne ni mia moja sitini na nane,
na mwaka huu maktaba imemudu balbu na sabuni.
Lakini si hesabu.
Ni kwamba kitu kimefungwa
na mtu aliyekwisha kukiuza.

Ndipo ikaja barua kutoka Encarnación, Paragwai,
kwenye joto na mbu, kwa Eulalio Cubilla,
mlinzi wa usiku katika ghala la mchele,
mwenye kadi hiyo hiyo na ubishi huo huo.
Lugha yao ya pamoja ni msimbo
na Kiingereza cha kubahatisha. Anasema:
"Mama, nadhani tunaiuliza mapema mno.
Tunawasha umeme, papo hapo tunadai jibu.
Mimi nikiamshwa hivyo, sisemi."

Milisekunde kumi. Mstari mmoja.
Washa, subiri, ndipo uulize.

Kumbe haikuwa bubu.
Haikuachwa imeze mate.

Saa tisa na robo usiku kioo kikajaa majina:
DZINTRA GHOROFA YA NNE. MIKATE YA MOTO.
USIIBE NUNUA YAKO.
Moja lilikuwa alama za kuuliza tupu.
Kila mlango una nywila yake, sawa,
lakini milango sasa inaonekana,
jengo zima, limelala, linajitaja.
Vizma hakupiga kelele. Aliweka kiganja mezani
kama anayesikiliza iwapo mashine ya kufulia imemaliza.

Kisha akafuta. Mistari mia mbili na kumi
ya kubahatisha, pamoja na matusi
aliyokuwa ameyaficha kwenye maelezo,
moja la Kirusi, la baba yake, akasita kulifuta,
akalifuta. Juu kabisa akaandika majina mawili,
la Eulalio kwanza, halafu ile ruhusa ya siku zote:
chukua, badilisha, mpe mwingine,
kikiharibika usinidai.

Jumatatu aliuviringisha waya wa buluu,
akautundika msumarini nyuma ya mlango.
Estere akaingia mbio, begi mgongoni,
akafika pale katikati ya chumba,
akaruka.