Si Zetu

Theluji imemeza kidato cha tatu cha mlango.
Duka nimefunga saa kumi na moja,
na mimi, Ardis Tollefson, mjane wa miezi saba,
nimetandaza fomu ya jimbo juu ya kaunta,
pale pale Orrin alipokuwa akipimia misumari.

Mstari wa kwanza unataka mapato yote.

Yote?
Nauvuta utepe wa mashine ya fedha,
umejiviringisha hadi sakafuni kama utumbo wa kondoo:
koleo la theluji, kwa Grabowski;
rangi nyeupe, madebe mawili, kwa kanisa;
mtego wa panya, dola moja,
kwa mtoto wa shule aliyekuja na sarafu zake kiganjani.
Nikamwambia, "Bado senti nane."
"Za nini?"
"Za jimbo."
Akanitazama kama anayemtazama mwizi,
akazitoa mfuko wa ndani, moja moja,
mpaka ya nane.

Mwanangu, sikukuibia.
Zilipita tu mkononi mwangu, kama maji mferejini,
na mfereji haunywi.

Orrin alilijua hilo kuliko wote.
Chini ya kaunta hii liko kopo la kahawa,
ubavuni kaandika kwa rangi nyekundu ya trekta: SI ZETU.
Kila jioni, kabla hajavua aproni,
alihesabu kodi ya siku akaitumbukiza humo,
sarafu zikilia, noti akizikunja mara nne.
Mwaka ule bomba la joto lilipopasuka
nilimwomba tukope humo, wiki mbili tu.
Hakujibu. Alikipiga kifuniko kwa kiganja.
Kwake yeye, mchovya asali hachovyi mara moja.
Tulilala na makoti, na viatu,
na mimi nikamgeuzia mgongo hadi Machi.

Leo nimefungua daftari zake, miaka kumi na tisa,
kutafuta namna ya kuijaza karatasi hii.
Mstari wa kwanza, kila robo ya mwaka, kaandika jumla,
bei na kodi ndani ya gunia moja.
Chini yake upo mstari wa makato:
kodi ya mauzo uliyokusanya, iliyomo katika jumla ya juu.
Mtupu.
Robo baada ya robo, mtupu,
mweupe kama shamba la ngano mwezi Januari.

Yaani mume wangu, aliyetulaza na viatu
ili asiguse senti isiyo yake,
aliiandikia serikali kwamba zote ni zake,
akatozwa kwa alichokibeba,
kodi juu ya kodi,
kama hamali alipishwaye nauli kwa mzigo wa tajiri.
Kopo lilijua. Fomu haikuambiwa.

Nikapiga simu. Bi Quintero wa ofisi ya mapato
ana sauti ya mtu anayekula biskuti.
Miaka minne ya nyuma inadaika, akasema,
leta risiti. Iliyobaki muda wake umekwisha.
Kisha akauliza, "Kwa nini hakupunguza?"

Sijui. Labda aliona kutoa ni kuficha.
Labda hakuvaa miwani.
Labda, na hili ndilo linaloniuma,
hakutaka kuniuliza, mimi niliyesoma hesabu,
tangu usiku ule wa makoti.

Jumla: elfu kumi na saba, mia saba sabini na mbili,
na senti arobaini na nane.
Makato: elfu moja, mia tatu kumi na sita,
na senti arobaini na nane.
Naandika taratibu, wino usije ukavuja.
Inabaki elfu kumi na sita, mia nne hamsini na sita,
namba kavu, isiyo na mkia,
ambayo naweza kuiita yetu.

Yangu, yaani.