Uzito wa Mkiani

Beñat Iratzoki hamuuzii ubao mtu aliyeketi.
"Vua viatu," aliniambia. Mvua ya Bidart
ilikuwa inapiga bati la karakana, na unga wa povu
ulimjaa kwenye nyusi kama mwokaji.
Alichora mstari wa chaki sakafuni, futi tisa na nusu.
"Tembea. Usinitazame mimi."

Nikatembea, mguu ukivuka mguu,
kama mtu anayekatiza jikoni usiku
asitake kuamsha nyumba.
Nina miaka hamsini na mmoja. Goti la kushoto
limeshonwa mara mbili. Kazi yangu
ni kufua shuka za hospitali, usiku kucha,
mashine kumi na moja zikizungusha
mawimbi yasiyofika ufukweni.

Nilikuwa nimeshachagua, ukweli ni huo:
ule wa kijani, pale ukutani, mwepesi,
pua imechongoka, mapezi matatu,
ubao wa kubana kwapani mithili ya gazeti.
Kutoka mchangani hadi barabarani kuna ngazi mia na nne.
Nimezihesabu nikishuka, nimezilaani nikipanda.

Beñat hakuugusa.
"Huo ni wa wanaogombana na wimbi.
Wewe ulisema wataka nini?"

Kusimama puani, nikasema.
Vidole kumi ukingoni,
mbele yangu pasiwe na ubao tena, maji tu.
Nilisema kwa sauti ya mtu anayeomba kupunguziwa bei.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni:
watu huambiana hivyo kwa kuonyana.
Mimi ukingoni ndiko niendako.

Akavuta mwingine kutoka chini ya turubai,
rangi ya chai iliyozidiwa na maziwa.
"Pitisha kiganja hapa."
Chini ya pua palikuwa na bonde, la kina kidogo tu,
kama kijiko cha mbao kilicholika kwa miaka.
Mbavu nene, za mviringo, hazina makali.
Pezi moja, limesimama wima kama bawabu.
Na mkia mpana, umebetuka juu kidogo.

"Maji yatapanda hapa, nyuma yako," akasema,
"yataukalia mkia. Umewahi kukaa benchi moja
na mtu mnene? Akikaa mwisho wake,
wewe waweza kusimama mwisho wako."

Mama yangu alikuwa mnene.
Benchi la kanisa la Arcangues lilikuwa limevunjika mguu,
na mimi nilining'inia upande huo wa mguu uliovunjika,
soksi hazigusi chini,
nikila zabibu kavu mahubiri yakiendelea.
Sikuwahi kujiuliza nani alikuwa amenishikilia.

"Kilo ngapi?"
"Tisa na robo. Ukiwa mkavu."
Nikaziona zile ngazi, moja moja.
"Mwepesi utakubeba wewe hadi katikati,"
akasema, akifuta chaki kwa soli ya kiatu,
"kisha utakutupa."

Ninalipa kwa miezi minane.

Aprili, wimbi la kiunoni, maji baridi kama kisu cha buchani.
Hatua ya kwanza, ya pili. Ya tatu sikuihesabu,
nilikuwa ninasikiliza nyuma:
kitu kizito kilikuwa kimekaa pale mkiani,
kimetulia, hakina haraka na mahubiri.
Vidole vitano vilifika.
Vitano vingine vilibaki nyuma vikibishana,
hadi bahari ikawaamulia.

Ngazini nilipumzika mara sita.

Usiku ule, kazini, nilipita kati ya mashine
nikivusha mguu juu ya mguu kwenye vigae vilivyolowa.
Nekane akaniuliza kama nimelewa.
Nikamwambia ashike kikapu upande wa pili,
akishike kwa uzito wake wote,
asiachie.