Tunda Lililokataliwa

Siku ya tano.
Kwenye kamba nyuma ya nyumba
nepi zimelowa mkojo na ukungu wa Rungwe, basi,
hazina doa, kama za mtoto wa kwenye kalenda.
Nani amewahi kuhuzunishwa na nepi safi?

Lusubilo ana miezi saba na siku tisa.
Tulianza naye kwa bidii: uji mzito wa sembe,
mtori wa ndizi mbichi, wali wa Kyela uliopondwa kwa mwiko.
Kila aliyekuja alisema dume lishibishwe.
Tukashibisha.
Sasa anakunja magoti hadi kifuani,
uso unaiva, ngumi zinafumba,
anaguna kizee
kama mtu anayesukuma lori lililozama matopeni Katumba,
na lori linabaki palepale,
na yeye analia.

Jana kilitoka kipunje kimoja.
Kigumu, cheusi, cha mbuzi hasa.
Tupokigwe alikimulika kwa simu, akaniita,
tukakiinamia wawili
kama wapima dhahabu wa Chunya.

Mama yangu alifika kutoka Masoko na dawa tatu:
kipande cha sabuni kilichochongwa kama penseli,
asali kwenye chupa ya dawa ya kikohozi,
na lawama.
"Wewe nilikuchomeka sabuni. Mbona uko hai?"
Niko hai, mama.
Tupokigwe aliipokea sabuni kwa mikono miwili, akashukuru,
akaiweka kwenye beseni la kufulia.
Asali aliipandisha juu ya kabati
akasema polepole, kwa sauti ya aliyekwisha kukata shauri:
"Hii mpaka atimize mwaka."

Kliniki, Sista Nsekela hakuandika dawa.
Alimbonyeza tumbo, akauliza:
Anatapika? Tumbo limekaza kama ngoma? Kuna damu?
Hapana. Hapana. Hapana.
"Mkiona mojawapo msisubiri kuche."
Kisha akauliza tunamlisha nini,
nami nikataja, ndizi, wali, ndizi,
kama mtu anayesoma madeni yake mbele ya wakwe.
"Anyonye kila anapotaka. Maji yaliyochemshwa, vijiko vichache
baada ya chakula. Papai lililoiva. Parachichi.
Baba, hivi unafanya kazi wapi?"

Nachambua maparachichi.

Mikono hii hupita juu ya maelfu kwa siku.
Lenye kovu, kando. Lililochubuka, kando.
Dogo kuliko ngumi ya mkaguzi, kando.
Yaliyonyooka yanapakiwa kwenye lori la baridi
yanawafuata watoto nisiowajua.
Jioni ile nilirudi na kofia imejaa ya kando.

Tupokigwe aliponda nusu tunda kwa maziwa yake.
Lusubilo alilionja akakunja uso kama hakimu,
akafungua tena mdomo.
Tukamkalisha kwenye maji vuguvugu,
tukamlaza, tukashika vifundo vya miguu,
akaendesha baiskeli hewani,
akapanda Isongole, akateremka Uyole bila breki.
Mama, aliyenuna tangu sabuni,
alipasha viganja jikoni, akasogea.
"Hamjui kukanda nyie."
Akaanza kulia mwa mtoto, akapita juu ya kitovu,
akashuka kushoto, taratibu,
kama anayejua ule mto unapita wapi.
Hakuna aliyembishia.

Siku ya sita hakikutoka kitu.
Parachichi tena. Papai la Kyela. Baiskeli.
Nilikwenda kazini nikachanganya madaraja, nikakaripiwa.

Siku ya saba, kabla ya jogoo,
harufu ilitangulia.
Laini, ya manjano, nyingi,
imepita nepi, imepita khanga, imefika kwenye shuka.
Mama akapiga kigelegele,
jirani akagonga ukuta, "Nani anaolewa saa hizi?"
Lusubilo akatutazama mmoja mmoja
kama mgeni aliyelipa nauli na anataka chenji yake.

Nilifua mwenyewe, mlangoni, kwenye baridi,
vidole vikifa ganzi,
kwa ile sabuni iliyochongwa,
mpaka ncha yake ikaisha.