Debe Lina Kitovu

Kibaigwa gunia huvaa kilemba.
Ulijaza hadi mdomoni, wakasema bado,
wakashonea wavu juu, wakajaza tena,
mpaka likasimama mbele yako kama bwana harusi,
na mahindi ya bure kichwani.
Baba alitazama, mikono nyuma.
"Ndio utaratibu," alisema mnunuzi,
wala hakuwa mtu mbaya: alinipa soda,
alimuuliza baba habari za mgongo.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Niliapa.
Sikumbuki niliapa nini.

Sasa nina kibanda Sabasaba, Dodoma mjini,
na debe langu lina kitovu:
chini limebonyea kuelekea ndani,
ngumi moja ya fundi, basi,
vibaba viwili havina pa kukaa.
Sikulibonyeza mimi. Nililinunua hivyo
kwa Chilongani alipostaafu,
naye alisema alilikuta hivyo.

Ukiniuliza, majibu ninayo.
Mamantilie anajua, ndiyo maana anaomba nyongeza,
nami namtilia viganja viwili, anashukuru,
tunaagana kwa vicheko.
Peresi hutia maji kwenye maziwa,
lakini maji yenyewe ameyachemsha.
Ndahani, jirani yangu, hapunji wajane,
ila mjane sharti ajitambulishe.
Kijana mmoja wa chuo kikuu, mteja wa nusu debe,
alinieleza kuwa wema ni mazoea ya watu wa mahali,
hakuna mzani uliotundikwa mbinguni
wa kutupima sote kwa jiwe moja.
Nilimpenda sana kijana yule.
Nikampimia.
Akahesabu chenji yake mara mbili.

Jumanne mama Nyemo aliamka na jino,
nikampeleka mtoto kliniki mimi.
Wanawake watupu kwenye benchi, na mimi,
na kanga ya kuazima begani.
Muuguzi akarudisha mshale sifuri,
akaugonga kwa ukucha, akangoja utulie,
ndipo akamning'iniza binti yangu
kwenye kile kikaptura cha kupimia,
miguu ikirusharusha hewa.
"Saba na robo."
Nukta kwenye kadi ikaangukia pabaya,
nje ya kijani.

Nikasikia mdomo wangu ukisema,
"Ongeza kidogo, dada."

Alicheka, akidhani ni utani.
Halafu akaniangalia.
"Niongeze nini, baba Nyemo?
Mtoto ni huyu huyu."

Njia nzima ya kurudi, vumbi la Dodoma
likinipiga usoni, nilitafuta jibu lake.
Mimi, mwenye majibu.
Nilitaka mzani ule uwe na huruma,
kisha nikaogopa:
na kama mwezi uliopita
kuna mtu aliuonea huruma?

Jioni nikaingiza mchi ndani ya debe, nikagonga.
Bati likalia soko zima.
"Unatoboa?" Ndahani akauliza.
"Nanyoosha."
"Watu wa vipimo wamekuja?"
"Hapana."
Akangoja niseme zaidi. Sikuwa na zaidi.
Kitovu kimetoka nusu; nusu imegoma.

Bei nimepandisha, ningefanyaje.
Mamantilie alisikia, akaguna,
akavuka kwenda kibanda cha pili.
Namwona kutoka hapa akiomba nyongeza,
namwona akipewa, wanacheka.
Sijamwita. Ningemwambia nini?
Kwamba viganja vile vilikuwa vyake tangu awali?

Debe siku hizi linameza.
Mkono unasimama pale pale pa zamani,
umeshazoea, unadhani limejaa,
mteja naye anadhani limejaa, anafungua mfuko.
Halafu nakumbuka.
Namwambia ngoja.
Namimina tena.