Kifungu cha Tisa

Mkataba una kurasa nne. Kifungu cha tisa:
mpangaji haruhusiwi kupigilia msumari.
Nilitia saini juu ya goti, ngazini,
ghorofa ya nne, Łódź, Februari,
na Bwana Wawrzyniec akanikabidhi funguo mbili
na orodha: kitanda kimoja, meza moja,
taa moja isiyo na kifuniko,
kuta nne, nyeupe.
Hata kuta aliziandika,
kana kwamba ningeondoka nazo kwapani.

Usiku wa kwanza nililala na koti,
sindano iliyoangukia ndani ya bakuli.
Nguo ya kuazima, wanasema, haisitiri.
Na chumba je?

Nikaanza na dirisha.
Mashati saba ya baba, ya kiwandani,
aliyoyavaa mbele ya mashine za kufuma
hadi kiwanda kilipofungwa
kikamfunga na yeye mdomo.
Nilifumua mishono kwa wembe,
nikaunga mistari ya buluu na ya kijivu,
mfuko mmoja wa kifuani nikauacha palepale.
Sasa pazia langu lina mfuko.
Ninaweka humo tiketi za tramu.
Asubuhi nikirudi kutoka zamu ya mikate
jua huingilia kwenye kwapa la shati,
pale alipotoka jasho zaidi,
pale kitambaa kilipochoka kukataa mwanga.

Chekeche la unga, lililotobolewa na panya wa bekari,
nimeligeuza kifuniko cha taa.
Limenichoma kidole mara mbili.
Dari imeota vipele vya mwanga.

Uzi wa kuvulia samaki
kutoka bomba la joto hadi kitasa cha dirisha,
na juu yake, kwa vibanio vya nguo:
Kalina, dada yangu, anacheka bila meno ya mbele;
risiti ya viatu nilivyowahi kuvipenda;
kitambaa alichotarizi bibi,
jogoo mwekundu mwenye miguu mitatu.
Alikosea hesabu, akakataa kufumua.
"Mwache," alisema, "atatembea vizuri zaidi."

Karibu na mlango kuna doa la unyevu
kubwa kama sahani ya pilau ya harusi.
Wengine huona dubu.
Jirani yangu, Bi Teofila, huona ziwa
alimozamisha kiatu akiwa na miaka sita,
na kila akija kuomba chumvi
hulitazama kwanza, chumvi baadaye.
Nikakata kadibodi, nikalizungushia fremu.

Oktoba mwenye nyumba alikuja kusoma mita ya maji.
Hakutazama pazia.
Alipitisha kiganja ukutani, polepole,
kama mtu anayepapasa paji la mtoto mwenye homa,
akitafuta misumari.
Kwa jogoo akasimama.
Akahesabu miguu. Akarudia kuhesabu.
"Mitatu," akasema.
"Hayumo kwenye orodha," nikamjibu.
Akacheka kwa pua, akashuka ngazi,
mita ya maji akaisahau.

Lakini nikiri.
Upo msumari mmoja, nyuma ya pazia.
Niliupigilia kwa kisigino cha kiatu
Jumapili, kengele za kanisa zikilia,
nipate kelele za kujifichia.
Haubebi kitu. Nilitaka tu
kuwa na mahali pamoja nilipopaamua mimi.
Nilijiandaa kwa tofali, kwa nguvu, kwa nyufa,
msumari ukazama kirahisi, kama kwenye jibini.
Nikauchomoa. Tundu lilikuwepo tayari,
limezibwa zamani, likapakwa rangi.
Unga mweupe ukanibaki kidoleni.
Nikauonja.

Dawa ya meno.
Ya mnanaa, bado.